Makame Alimpisha Suleiman Mara Tatu

Kila nilipoulizwa kwa nini jina la Makame lilichelewa kuingia katika kombaini yetu ya kwanza ya raga, nilijibu kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Nilijibu hivyo mbele ya wakubwa wangu, mbele ya mama yake Makame, na safari moja mbele ya fundi wa mtandao mwenyewe, ambaye aliondoka ofisini akiwa na huzuni. Sasa nimestaafu, fundi yule amehamia kazi nyengine, na sina tena wa kumsingizia. Mtandao ulikuwa mzima. Jina lilichelewa kwa sababu niliamini Makame ameuza mechi.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mlioirithi ofisi yangu, pamoja na filimbi yake, mfuko wa koni na kabati lisilofungika. Habari za vyeo mtazipata kwa wengine, wapo wanaozikumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kukuelezeni kazi ilivyo: kuupeleka mchezo kwa watu ambao hawajauomba.

Sikusomea michezo. Chuo kikuu nilisoma jiografia, nikaandika tasnifu juu ya mvua za Unguja ya kati, ambayo kwa ninavyojua imesomwa na watu wawili, na mmoja ni mimi. Nilipangiwa michezo kwa kuwa katika maombi yangu ya kazi nilijaza kwamba skuli nilikuwa nikikimbia mbio za kupokezana vijiti. Nikalea netiboli kwa miaka, nikalea riadha, hadi siku mkuu wangu aliponiita na kunionyesha picha ya mpira ulio mfano wa yai. Akasema huu unaitwa raga ligi, na kuna watu ng'ambo wanataka ufike pale usipochezwa. Wameshaleta mipira. Kazi yangu ni kuueneza.

Nikamuuliza kwani huko kwao unachezwa na nani. Akasema wafanyakazi wa viwandani na wa migodini, katika miji ya baridi, na iko miji ambayo Jumamosi haizungumzi kitu chengine. Nikamuuliza sasa watu hao wanatafuta nini Unguja.

"Ndilo hilo nnalotaka ukalichunguze," alisema.

Kwa hiyo jukumu langu la mwanzo katika kuutangaza mchezo huu lilikuwa ni kuushuku, na nakiri kwamba nililifanya kwa bidii kuliko yote yaliyofuata.

Sikuwa peke yangu. Bandarini, mkaguzi aliutoa mpira mmoja katika boksi, akaugeuza, akauliza umeminywa na nini. Nikamwambia ndio umbo lake. Akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia upepo. Akauchana kwa kisu, akaunusa, kisha akanirudishia kwa adabu. Tukaanza na upungufu wa mpira mmoja.

Mchezo wenyewe nimewaeleza akina mama wengi kuliko wachezaji, basi nitaueleza kama nilivyowaeleza wao. Kila upande una watu kumi na watatu, si kumi na watano kama ile raga ya binamu zake. Mpira unabebwa mkononi, na kumpa mwenzio lazima umpe kwa nyuma. Wa upande wa pili anakuzuia kwa kukukaba: anakukamata mwilini anakulaza chini. Ukishalazwa unaachiwa, unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzio anaendelea. Mkilazwa mara sita, mpira unakwenda kwa wenzenu. Ukiuvusha mstari wa mwisho ukaugusisha ardhini, umepata bao. Nikimaliza kueleza, kila mara mama mmoja alikuwa na swali. Wa Kikwajuni aliniuliza, "Na ukimvunja shingo mwanangu, utanipa ya nani?" Nilimwambia tunafanya mazoezi ya kuanguka. Akasema mwanawe kuanguka anajua tangu ana mwaka mmoja.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bi Mwanakheri, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha netiboli. Raga hakuijua na hakutaka kuijua. Nilikwenda kwake Chukwani na mpira kwapani, nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye bukta fupi ya wachezaji niliyoishika, niliyoletewa na wafadhili. Akanambia, "Unakwenda kuzungumza na nani, na magoti ya watoto wa watu yako nje? Funika goti kwanza. Kisha ndio uzungumze." Nikenda kwa mshoni Kikwajuni, akanishonea bukta zinazovuka goti kwa kiganja kizima. Kwa siku moja nikapata masheha wawili waliokuwa hawanipokelei simu.

Pia alinifundisha saa. Mechi inaingia kati ya sala ya alasiri na magharibi, na refa atakayeadhiniwa na mpira bado uko mchezoni atafute kazi nyengine. Na alinifundisha nani wa kumwendea. Akina baba, alisema, watakukubalia barazani mbele za watu, kisha akina mama watafunga mlango. Basi mimi nikaanzia milangoni.

Viwanja vyetu mnavijua. Jiwe la matumbawe hujitokeza usiku mmoja kama limeoteshwa. Kabla ya kila zoezi wachezaji walijipanga bega kwa bega, wakatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili wakiokota. Msiliache hilo hata siku wafadhili wakija na mashine. Milingoti ya goli tuliipata kwa kufunga boriti za mikoko za nyumba iliyobomoka Mji Mkongwe juu ya magoli ya mpira wa miguu, na siku tulipozipakia kwenye gari tukasimamishwa na afisa wa misitu aliyetaka kujua mikoko ile tumeikata wapi. Nilimwambia imekatwa kabla hajazaliwa. Hakucheka. Watu wa mpira wa miguu nao waliamini tumetumwa kuwanyang'anya kiwanja, na mwenyekiti wao alikuja kila jioni na kiti chake, akakaa pembeni bila kusema neno, mpaka jioni moja nikamsikia akimpigia kelele refa wetu kwamba ile pasi ilikwenda mbele.

Jozani tulipata timu ya waongozaji watalii, vijana wenye mapafu mazuri kwa kutembea msituni mchana kutwa. Shida yao ilikuwa moja. Kima punju wakipita juu ya miti ya pembezoni, wachezaji wawili watatu walisimama na kuanza kumweleza yeyote aliye karibu kwamba kima hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Ilikuwa mazoea tu. Chukwani wakawafunga mabao mawili kwa njia hiyo, na mimi nikashuku kwamba kuna mtu Chukwani aliyekuwa akiwarushia kima ndizi. Sikuthibitisha.

Miaka ikapita hivyo, tukawa na timu nne: Kikwajuni, Chukwani, Jozani na Mkokotoni. Ndipo wenzetu wa bara wakatualika tuvuke na kombaini, yaani kikosi kimoja kilichochaguliwa kutoka timu zote. Ilikuwa mara ya kwanza. Tukakubaliana kwamba nafasi za mwisho zitaamuliwa kwa mechi ya Kikwajuni na Chukwani.

Hapa ndipo anapoingia Makame. Alikuwa fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa Kikwajuni, na mkabaji ambaye sijaona mfano wake kisiwani. Waliokabwa naye walisema ni kama kuegemea ukuta, kisha ukuta ukakuegemea wewe. Alikuja siku ya kwanza kabisa ya mazoezi, wakati wachezaji walikuwa wachache kuliko watazamaji waliokuja kutucheka. Sasa alikuwa anakaribia miaka thelathini, magoti yameanza kulalamika, na alinambia mwenyewe kwamba safari hii ni yake ya mwanzo na ya mwisho. "Nataka nivuke mara moja tu na jezi, Bi Rahma," alisema. "Nikirudi hata mkinipa kazi ya kuokota mawe, ntaokota." Alishaomba ruhusa kazini. Mama yake alishamshonea mfuko wa viatu.

Nahodha wa Chukwani alikuwa Suleiman, mtunza stoo wa hoteli, mtu mzima kuliko wengi, mpana, mwenye sauti ya chini. Baba yao alikuwa amefariki, naye ndiye mkubwa wa nyumba. Mbio hakuwa nazo. Kazi yake ilikuwa kuupokea mpira na kwenda nao moja kwa moja mpaka mtu amzuie, na kwa kawaida aliyemzuia alikuwa Makame.

Siku ile hakumzuia. Suleiman alipokea mpira katikati, akaja kwa mwendo wake ule wa kabati linalohamishwa, Makame amesimama mbele yake. Nikakunja uso kungojea kishindo. Makame akasogea pembeni. Alisogea vizuri, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, na Suleiman akapita akaweka bao. Nikasema ameteleza. Kipindi cha pili Suleiman akaja tena njia ile ile, na Makame akasogea tena. Kutoka upande wa Kikwajuni mtu akapaza sauti, "Makame, mfungulie na mlango wa uani!" Mwengine akasema amkaribishe na chai kabisa. Jua lilipokaribia kuzama na timu ziko sare, Suleiman akaja mara ya tatu. Safari hii hakutazama hata pembeni. Makame akampisha, na Chukwani wakashinda.

Refa wetu, Mwalimu Petro, alipuliza filimbi ya mwisho huku ananitazama mimi. Mwalimu Petro ni mtoto wa Kikwajuni ambaye babu yake alitoka bara kuja kujenga, na ni mtu asiyezungumza bila haja. Aliponifikia alisema tu kwamba wengine wote Makame alikuwa amewalaza kama kawaida. Ni huyu mmoja tu.

Basi nikachunguza. Kijana mmoja wa ofisini alinambia kwamba siku hizi kila mtu anabeti kwenye simu, na wapo wanaobeti hata mbio za ngalawa. Muuza kahawa wa jirani na ofisi, ambaye shemeji yake anakaa Chukwani, alinambia kwamba Alhamisi kabla ya mechi wazee watatu wa upande wa Makame walikwenda nyumbani kwa Suleiman, kanzu zimepigwa pasi, na mlango ukafungwa nyuma yao. Wiki ile ile Makame mwenyewe alionekana kwa sonara Darajani, na shangazi yake. Nikaviunganisha vitu hivyo kama nilivyoziunganisha zamani mvua za Unguja ya kati, mstari mmoja ulionyooka kutoka hapa hadi pale. Wazee wamekwenda kupanga bei. Makame ameanza kuitumia. Nina hakika nyinyi mnaosoma mmeshaona kitu ambacho mimi, mwanamke wa mjini, niliyekaa kwenye shughuli za watu zaidi ya nilivyokaa viwanjani, sikukiona. Naomba mnistahamilie. Ukishashuku, hata kanzu iliyopigwa pasi inakuwa ushahidi.

Nikamwita Makame ofisini. Alibisha hodi, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani. Nilimwambia majina yanakwenda bara Jumatatu, na kabla sijaliandika la kwake nataka kujua kwa nini alimpisha Suleiman.

Akasema, "Siwezi kukwambia, Bi Rahma."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Si langu peke yangu."

Nikasema ndani ya nafsi yangu, wako wengi. Nikamuuliza kama kuna mtu amempa kitu, au amemwahidi kitu. Hapo alininyanyulia uso, na niliona ameumia kwelikweli, lakini wakati ule nilidhani hayo ni maumivu ya mtu aliyebambwa.

"Bi Rahma, mimi umenijua tangu hatuna hata mstari wa chaki," alisema. "Niandike au usiniandike. Lakini hilo usiniulize tena, nakuomba. Nikikujibu leo ntakuwa nimemvunjia mtu heshima yake, na yeye hana kosa."

Nikamwambia aende. Nikampigia Suleiman, nikamuuliza swali lile lile. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Hilo niachie kwanza, Bi Rahma." Kwa kuwa wote wawili walikataa kusema, nikawa na uhakika mara mbili.

Mwalimu Petro alikuja jioni ile kunywa chai na hakukubaliana nami. Alisema ameamua mechi za Makame zote, na mtu anayeuza mechi hujificha: angeanguka, angeshika mguu, angejifanya haoni kwa jua. Huyu alisogea mbele ya Unguja nzima. "Mwizi gani anaiba kwa adabu namna ile?" aliniuliza. Nikamwambia ndio usasa. Akanywa chai yake akaondoka.

Siku ya Jumamosi nilikutana na mama yake Makame sokoni. Nilitaka kumkwepa, nikaishia kujificha nyuma ya mafungu ya ndizi ya mtu aliyeniuliza kwa sauti kubwa kama nataka kununua au nataka kulala. Mama akaja. Tukasalimiana, akaniuliza kwa upole mbona majina ya wenzake Makame yameshatajwa na la mwanawe halijasikika. Ndipo nilipousingizia mtandao kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi huo mtandao na utengenee, mwanangu," alisema. "Mwenzio halali." Akanunua muhogo wake akaenda. Ninavyojua sasa, yeye naye alikuwa anangojea jawabu la jambo kubwa kuliko raga, na hakunitamkia hata nusu ya neno. Mji mzima ulikuwa umefumba mdomo, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nazungumza.

Jumapili nilikaa mezani nyumbani na karatasi ya majina. Walikuwa wote wameenea isipokuwa mmoja. Nilikuwa na jina la kijana wa Mkokotoni la kuziba pengo, mchezaji wa kadiri, asiye na kosa. Nilishaanza kuliandika pale simu ilipolia. Alikuwa Suleiman.

Alinisalimu, akaniuliza hali, akaniuliza habari za nyumbani, kwa utaratibu kamili, na mimi kalamu iko mkononi. Kisha akasema, "Nimesikia Makame humwandiki."

Nikamwambia bado nafikiri.

"Basi usifikiri. Nilikwambia uniachie kwa sababu jawabu lilikuwa halijatoka. Limetoka leo baada ya adhuhuri. Wazee wake walikuja kwetu Alhamisi ile kumposa mdogo wangu, Zuhura. Baba hayupo, mwenye kuozesha ni mimi. Sasa, Bi Rahma, posa iko kwangu, haijajibiwa, kijana ataniinuaje mbele ya watu anipige chini, mama yangu amekaa pale anatazama?"

Niliweka kalamu.

"Na kukwambia asingeweza," aliendelea. "Tungekataa, Zuhura angekuwa yule aliyeposwa akakataliwa, mji mzima unajua. Makame alikuwa radhi kukosa kombaini kuliko kumfanyia hivyo. Mama amelisikia hilo. Ndilo lililomaliza maneno."

"Mmekubali?"

"Tumekubali. Mwandike."

Nikamwambia namwandika sasa hivi. Nilitaka kukata simu nikalie kidogo kwa aibu, lakini mtu hafanyi kazi ya kushuku miaka yote ile ikamtoka kwa simu moja. Kulikuwa na jambo halijakaa sawa.

"Suleiman," nikasema, "uwanja ulikuwa mpana. Kwa nini mara zote tatu ulikwenda kwa Makame?"

Nilisikia vyombo vikigongana upande wa pili, na wanawake wanacheka.

"Ya kwanza ilikuwa bahati tu, wallahi," alisema. "Ya pili nilikuwa namjaribu, nijue ni mtu wa namna gani."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu tulikuwa tunataka bao, Bi Rahma."